Kutoka stoni na paundi kwenda kilo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uzito wa mwili

Maswali haya yanamhusu anayeishi Uingereza au Ireland ambaye amezoea kilo na sasa anaulizwa uzito wake kwa stoni. Yanamhusu pia bibi aliyeletewa habari za mjukuu wa "paundi saba na aunsi nane", na yeyote aliyenunua mizani ya mtumba inayoonyesha namba asizozielewa. Hesabu zenyewe ni nyepesi. Madhara huletwa na kuishi na vipimo viwili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana majibu mengine ni marefu kuliko mengine.

Stoni moja ni kilo ngapi hasa?

Stoni 1 ni paundi 14, na paundi 1 ni kilo 0.45359237 kamili. Kwa hiyo stoni 1 ni kilo 6.35029318, na kwa matumizi ya kawaida 6.35 inatosha. Paundi ina aunsi 16, na aunsi moja ni gramu 28.35.

Thamani hiyo ya paundi ni makubaliano yaliyoanza kutumika Julai 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kabla ya hapo paundi ya Marekani na ya Uingereza zilitofautiana kidogo sana, tofauti ambayo mizani ya kupima mtu haiwezi kuiona.

Stoni nzima kwa kilo:
8 = 50.8
9 = 57.2
10 = 63.5
11 = 69.9
12 = 76.2
13 = 82.6
14 = 88.9
15 = 95.3
16 = 101.6
18 = 114.3

Paundi zinazobaki juu ya stoni zihesabu karibu nusu kilo kila moja: paundi 2 ni kilo 0.9, paundi 7 ni kilo 3.2, paundi 11 ni kilo 5.0.

Nifanyeje hesabu kichwani bila kikokotoo?

Stoni kwenda kilo: zidisha kwa 6, kisha ongeza theluthi ya stoni zile zile. Mtu wa stoni 12 anapata 72 + 4 = 76, na jibu sahihi ni 76.2.

Kilo kwenda paundi: zidisha kwa mbili, kisha ongeza sehemu ya kumi ya jibu. Kilo 70 inakuwa 140 + 14 = 154, na kweli ni 154.3. Ukitaka stoni, gawa kwa 14: 154 ni stoni 11 kamili.

Paundi kwenda kilo: gawa kwa mbili, kisha ondoa sehemu ya kumi ya jibu. Paundi 154 inakuwa 77 − 7.7 = 69.3. Hapa unapungukiwa karibu nusu kilo. Inafaa kwa mazungumzo, lakini haifai kwa dawa.

Nimeandika 11.5 nikimaanisha stoni 11 na paundi 5. Kuna tatizo?

Lipo, na ndilo kosa linalotokea kuliko yote. Stoni haigawanyiki kwa kumi, inagawanyika kwa kumi na nne. Stoni 11.5 ni stoni 11 na nusu, yaani stoni 11 na paundi 7: kilo 73.0. Stoni 11 na paundi 5 ni kilo 72.1. Hapo umekosea karibu kilo moja kwa sababu ya nukta tu.

Hali inakuwa mbaya zaidi paundi zikifika 10 na kuendelea. Mtu wa stoni 11 na paundi 12 akiandika "11.12", kompyuta itaisoma kuwa stoni 11 na kidogo, takriban kilo 70.6, ilhali uzito wake ni kilo 75.3.

Mizani nyingi za kidijitali zinachangia mkanganyiko huu. Nyingine huonyesha "11:5", nyingine "11 5.5", na kwenye kioo kidogo nukta mbili na nukta moja hazitofautiani kwa mtu asiyevaa miwani. Ukiandika mahali popote, andika maneno: "stoni 11 paundi 5".

Watoto wachanga wana kosa linalofanana na hilo. Paundi 7 na aunsi 8 ni paundi 7.5, si 7.8. Ya kwanza ni gramu 3,402, na paundi 7.8 ni gramu 3,538.

Kwa nini Waingereza wananunua nyama kwa kilo lakini wanajipima kwa stoni?

Kwa sababu sheria za vipimo zinalinda biashara, na kujipima bafuni si biashara.

Zamani hata stoni yenyewe haikuwa moja. Stoni ya sufu ilikuwa paundi 14, ile ya wachinjaji wa London ilikuwa paundi 8, na ya kioo paundi 5. Sheria ya mwaka 1835 ndiyo iliyoibakiza ile ya paundi 14 peke yake. Serikali ilitangaza kuhamia vipimo vya metriki (kilo, mita na lita) mwaka 1965, na Bodi ya kusimamia uhamisho ikafanya kazi kuanzia 1969 hadi 1980. Sheria ya Vipimo na Mizani ya mwaka 1985 iliiondoa stoni kwenye vipimo vinavyoruhusiwa katika biashara. Bidhaa zilizofungashwa zilihamia metriki mwaka 1995, na zile zinazopimwa mbele ya mteja, kama viazi na nyama, Januari 2000.

Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyomgusa mtu anayepanda mizani yake nyumbani. Magazeti yaliendelea kuandika stoni, watengenezaji wakaendelea kuuza mizani yenye stoni, na watoto waliofundishwa kilo shuleni wakarithi stoni kwa wazazi wao. Ireland ilikwenda metriki kwa bidii zaidi, hata alama za mwendo barabarani zikawa za kilomita Januari 2005, lakini barazani uzito wa mtu bado unatajwa kwa stoni.

Australia ilianza baada ya Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1970, na ikamaliza mapema. Mbio za farasi zilihamia kilo mwaka 1972, na leo kijana wa huko hajui stoni yake. Tofauti ni kwamba Australia haikuacha vipimo viwili vikae pamoja kwa miongo. Uhamisho unaofanywa polepole kwa kuwahurumia watu ndio unaowatesa kwa muda mrefu zaidi.

Hospitali za Uingereza zinatumia kipi?

Kilo. Dozi, chati za ukuaji na mashine zote ziko kwa metriki. Muuguzi akikuuliza kwa stoni anakurahisishia maongezi tu. Kwenye faili anaandika kilo. Ukijua kilo zako, zitaje moja kwa moja, ili namba isipitie kwenye hesabu ya mtu mwenye haraka.

Mizani inayopimia mgonjwa kwa ajili ya matibabu inatakiwa iwe imehakikiwa, kwa kawaida ya daraja la III la usahihi. Mizani ya bafuni haijahakikiwa na mtu yeyote. Mizani ya wodini isiwe na swichi ya kubadilisha kipimo: mtu mmoja akiigusa bila kujua, wagonjwa wote wanaofuata wataandikwa vibaya mpaka mwingine ashtuke.

Kweli kuchanganya paundi na kilo kunaweza kumdhuru mtoto?

Ndiyo. Kosa huwa la mara 2.2, na halionekani kirahisi, kwa sababu namba zote mbili zinaweza kuwa za mtoto halisi. Mtu mzima wa "kilo 154" atamshtua muuguzi. Mtoto wa "kilo 22" hamshtui mtu.

Chukua mtoto wa paundi 22, ambaye ni kilo 10. Paracetamol kwa miligramu 15 kwa kila kilo ni miligramu 150. Kwa sharubati ya miligramu 120 kwenye mililita 5, hiyo ni mililita 6.25. Akiandikwa kilo 22, atapewa miligramu 330, yaani mililita 13.75. Rudia mara nne kwa siku, kwa siku mbili tatu, na ini la mtoto liko hatarini.

Dawa mseto ya malaria (artemether-lumefantrine, kidonge cha miligramu 20 na 120) hutolewa kwa makundi ya uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1 kwa dozi, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 3, kilo 35 na kuendelea vidonge 4. Mtoto wa paundi 30 ana kilo 13.6, hivyo dozi yake ni kidonge 1. Mizani ikiwa kwenye paundi bila mtu kujua, atahesabiwa kilo 30 na kupewa vidonge 3.

Kosa la upande wa pili halipigi kelele. Mtoto wa kilo 16 ameandikwa sawasawa, kisha mtu akadhani ni paundi na kugawa kwa 2.2. Anakuwa kilo 7.3, anapewa kidonge 1 badala ya 2, na malaria haiponi. Namba isiyo na jina la kipimo pembeni yake irudishwe kwa aliyeiandika. Kama hayupo, mtoto apimwe upya. Inachukua dakika moja.

Mtoto amezaliwa Uingereza, nimeambiwa kwa paundi. Ni mkubwa au mdogo?

Paundi 5 na aunsi 8 ni gramu 2,495, karibu kabisa na mpaka wa gramu 2,500 ambao chini yake mtoto anahesabiwa kuwa na uzito mdogo. Paundi 6 ni gramu 2,722, paundi 7 ni 3,175, paundi 8 ni 3,629, paundi 9 ni 4,082. Mtoto wa kilo 4 ni paundi 8 na aunsi 13.

Mkunga alimpima kwa gramu. Paundi zilifuata baadaye, kwa ajili ya simu za ndugu. Kwa hiyo usibadilishe ile ya paundi kurudi gramu ili uijaze kwenye kadi ya kliniki. Omba namba ya asili. Mtoto mchanga hupoteza uzito siku za kwanza, na wauguzi huangalia asilimia: wa gramu 3,402 aliyeshuka hadi 3,130 amepoteza asilimia 8. Ukikadiria kwa aunsi na kuviringisha, asilimia hiyo inaweza kusogea kuelekea 10, kiwango kinachofanya watu wakimbizane bure.

Mizani ya kuning'iniza ya kliniki nyingi za Afrika Mashariki, ile ya saa yenye uwezo wa kilo 25, ina mistari ya gramu 100. Ni nzuri kwa mtoto wa miezi kadhaa, si kwa kufuatilia mchanga wa siku tano.

Mizani yangu inaonyesha stoni. Naibadilishaje iwe kilo?

Igeuze juu chini. Mizani nyingi za betri zina kitufe kidogo au swichi ya kuteleza karibu na mfuniko wa betri, imeandikwa UNIT au kg/lb/st. Kama ni kitufe, washa kwanza kwa kugusa uso wa mizani kwa mguu, kisha bonyeza kabla haijazima: itazunguka kilo, paundi, stoni. Nyingine zina kitufe kwenye kingo ya nyuma. Zile zinazounganishwa na simu hubadilishwa ndani ya programu, na ukibadilisha kwenye mizani pekee, programu huirudisha ilivyokuwa.

Mizani ya mshale haina swichi. Kwa kawaida ina duara mbili, ya kilo na ya stoni na paundi. Ziba ile usiyoitumia kwa karatasi ya gundi. Mizani ya mtumba yenye stoni tu, usiinunue kwa zahanati au kwa biashara ya kupima watu kandokando ya barabara.

Baada ya kubadilisha, ondoka juu yake, subiri isome 0.0, ndipo upande. Mizani iliyohamishwa toka chumba kimoja kwenda kingine mara nyingi husoma vibaya mara ya kwanza.

Nimehamia kilo na uzito "umeruka". Nini kimetokea?

Angalia kwanza zulia. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, bapa, miguu yote minne ikigusa. Kisha betri.

Ikiwa bado unashuku, ijaribu. Jipime, kisha panda tena umeshika pakiti tano za unga za kilo mbili ambazo hazijafunguliwa. Ongezeko liwe kilo 10 na gramu chache za mifuko, sawa na paundi 22, yaani stoni 1 na paundi 8. Usiweke pakiti peke yake juu ya mizani, maana nyingi za bafuni hazisomi vizuri mzigo mdogo. Dumu la maji si kipimo kizuri: la "lita 10" likijazwa hadi mdomoni huingiza zaidi ya hizo.

Jambo jingine ambalo maduka hayalitaji: mizani nyingi za kidijitali hukumbuka namba ya mwisho, na ukipanda tena ukiwa na tofauti ndogo hurudia ile ile, ili ionekane thabiti. Kati ya vipimo viwili panda na mzigo, au mpishe mtu mwingine.

Nina kumbukumbu za miaka mingi kwa stoni. Nizihamisheje?

Kwenye jedwali la kompyuta weka stoni safu A na paundi safu B, kamwe usiziweke safu moja. Safu C andika =(A2*14+B2)*0.45359237 na uonyeshe desimali moja. Usizifute safu za mwanzo. Ukigundua kosa miaka mitatu baadaye, utahitaji kilichoandikwa siku ile.

Badilisha mara moja tu, kutoka namba ya asili. Stoni 10 na paundi 7 ni kilo 66.68. Ukiviringisha kuwa 67 kisha ukarudi, unapata stoni 10 na paundi karibu 8. Hapo utakuwa umenenepa kwenye karatasi tu. Na kama kwenye daftari kuna tarehe yenye "11.4" usiyokumbuka ilimaanisha nini, iache wazi.

Je, BMI inahitaji kilo?

BMI ni kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Kanuni yake ya asili ni kilo kugawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe. Mtu wa stoni 12 na paundi 4, futi 5 na inchi 7: paundi 172 ni kilo 78.0, inchi 67 ni mita 1.702, jibu 26.9. Kwa paundi na inchi kuna kizidisho cha 703: 172 × 703 ÷ (67 × 67), jibu ni lile lile. Usichanganye kilo na inchi.

Kwa wasomaji walioko Uingereza: mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya huko, unatumia mipaka iliyo chini zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na ya Asia: 23 badala ya 25 kwa uzito uliozidi, na 27.5 badala ya 30 kwa unene wa kupindukia. Vikokotoo vingi mtandaoni havikuulizi asili yako.

Bibi anasema alizaliwa ratili sita. Ni paundi?

Kwa karibu kabisa. Ratili ya pwani ilikuwa wakia 16, na wakia ilifuata uzito wa riali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya gramu 28 na kidogo. Inatoka gramu 449, dhidi ya 453.6 za paundi. Wakati wa Waingereza hospitali zilipima kwa paundi na watu wakaendelea kuiita ratili. Ratili sita ni kilo 2.7. Tanzania, Kenya na Uganda zilihamia metriki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, hivyo kadi za zamani zaidi ya hapo zisome kwa paundi isipokuwa zimeandikwa vinginevyo.

Na Marekani?

Hawatumii stoni kabisa. Uzito ni paundi tupu, na ndizo zinazoandikwa kwenye leseni za udereva za majimbo mengi. Ukimwambia Mmarekani "stoni 12" hatakuelewa, sema 168. Hospitali huhesabu dawa kwa kilo huko pia. Kanada ni mchanganyiko: kliniki ni kilo, nyumbani ni paundi.

Ndondi na mbio za farasi je?

Ndondi za kulipwa zimejengwa juu ya paundi, hivyo mipaka yake kwa kilo inaonekana ya ajabu: uzito wa welta ni paundi 147, yaani kilo 66.68, au stoni 10 na paundi 7. Bondia asijipime kwa mizani ya kilo yenye hatua ya nusu kilo akiwa karibu na mpaka; nusu kilo ni zaidi ya paundi moja, na hiyo inatosha kumfanya ashindwe kupima uzito. Wapanda farasi wa Uingereza bado wanapimwa kwa stoni na paundi.

Kilo yenyewe si ilibadilishwa juzi juzi?

Ufafanuzi wake ndio uliobadilishwa, Mei 20, 2019: sasa unategemea namba thabiti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika, badala ya kipande cha platini na iridiamu kilichohifadhiwa karibu na Paris. Uzito wako haukuguswa.

Nitazoeaje? Kila nikiona kilo nabadilisha kichwani.

Acha kubadilisha. Shika namba tatu zako mwenyewe kwa kilo: uzito wa leo, uzito unaoutaka, na ule ambao ukiuvuka utamwona daktari. Weka mizani kwenye kilo, ziba stoni, na programu ya simu iwe hivyo hivyo. Wanaoonyesha zote mbili "kwa muda" hubaki nazo miaka.

Aliyezoea kuhesabu paundi huona kilo zinakwenda taratibu. Paundi mbili kwa wiki zilikuwa mbili. Sasa ni 0.9. Pima siku moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, maana maji na chakula pekee vinaweza kukupandisha au kukushusha kilo moja au mbili kwa siku. Desimali ya pili, kama mizani yako inayo, usiiandike.